Jedwali la Wifi na Programu ya Wifi

Muuguzi mkuu aliingia katika duka la dobi Jumatatu asubuhi akiwa amekumbatia mfuko mkubwa. Nyuma yake walifuata wauguzi wawili waliovaa sare ambazo hata mpita njia angejua si zao. Mmoja alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabega mapana. Mikono ya gauni lake jeupe ilimkomea juu ya viwiko, na vifungo vya kifuani vilikuwa vinaomba msaada. Mwingine alikuwa mdogo wa umbo, na alishikilia pindo la gauni kwa mkono mmoja ili asilikanyage.

"Bibi Pasi," alisema muuguzi mkuu, "sikuja kugomba. Nimekuja ujionee kwa macho yako."

Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Pasi kwa sababu ya kazi yake, alisimamisha pasi wima akawatazama wale wauguzi. Kicheko kilimpanda, aibu ikakishusha.

"Jamani wanangu," alisema. "Nisameheni."

"Mimi angalau napata hewa, bibi," alisema yule mdogo. "Mwenzangu ndiye hajapumua tangu saa moja."

"Sare arobaini ulituletea Jumamosi," aliendelea muuguzi mkuu. "Kumi na tisa zimekwenda kwa watu wasiohusika. Mmoja ameingia zamu na nguo zake za nyumbani, mgonjwa akamwagiza chai. Alimletea, maana ni mtu mwema, lakini si kazi yake."

Kwenye kona ya duka, mbele ya kompyuta ya zamani, binti wa Bibi Pasi aliinuka. Yeye ndiye aliyeandika orodha za duka kwa miaka sita, katika jedwali moja refu la kompyuta: namba ya nguo, jina la mwenyewe, siku iliyoingia, rafu iliyowekwa.

"Kosa ni langu, mama," alimwambia muuguzi mkuu. "Nilipanga majina yafuatane kwa herufi. Majina yakahama, namba zikabaki pale pale."

Bibi Pasi alifungua mdomo. Binti yake akamtupia jicho moja tu, na mdomo ukafungwa. Aliyeyapanga majina Ijumaa alikuwa ni Bibi Pasi mwenyewe. Alitaka orodha ipendeze, akabonyeza mahali alipowahi kumwona binti akibonyeza.

Muuguzi mkuu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema kwamba uongozi wa hospitali umechoka, na kuna dobi mwingine ng'ambo ya mji mwenye mashine mpya anayeitaka kazi hii. Yeye amewaombea siku kumi na moja. Ijumaa ya wiki ijayo atakuja na sare kumi, atachagua anazotaka, na kila moja waseme ni ya nani, imepita wapi, na nani aliishika mwisho. Wakishindwa, kazi ya hospitali itahama.

Kazi ya hospitali ilikuwa zaidi ya nusu ya kazi yote ya duka. Bila hiyo, mashine mbili kati ya nne zingezimwa, na wanawake wawili waliokuwa wakisaidia kupiga pasi wangerudi nyumbani. Hilo halikuhitaji kusemwa. Wale wanawake wawili walikuwa wamesimama pale pale, wanakunja shuka moja polepole kuliko shuka yoyote iliyowahi kukunjwa.

*

Mchana walikula wakizunguka meza ya kukunjia mashuka, kama kawaida yao, sahani upande mmoja na mashuka safi upande mwingine. Alikuwapo Bibi Pasi, binti yake, na mwanawe aliyesimamia mashine, ambaye waliotaka kumuudhi na waliompenda wote walimwita Povu. Alikuwapo pia mkwe, mke wa Povu, aliyekuwa na mwaka wa pili katika nyumba ile. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kampuni moja, na aliifanyia chumbani kwake, juu ya duka. Kwa miezi mitatu alikuwa akiandika pia programu ya duka, kipande kwa kipande, muda alioupata.

"Haya, semeni," alisema Bibi Pasi. "Ila semeni kwa zamu. Mimi ni mtu wa pasi, nielewesheni taratibu."

Mkwe alianza. "Mama, jedwali la wifi si baya. Limelibeba duka hili miaka sita. Lakini halina mlinzi. Ukiweka jina mahali pa namba, linapokea. Ukipanga safu moja ukaacha nyingine, linapanga na kunyamaza. Lugha ninayoandikia mimi ni kali. Nikichanganya jina na namba, programu inakataa hata kuanza."

"Kumbe ina tabia zako," alisema binti.

"Wifi, mimi nikikataa kitu ni mchuzi wako, na ni kwa sababu ya chumvi."

Povu alicheka mpaka maji yakampalia. Dada yake alimgeukia.

"Cheka tu. Jedwali langu mama analisoma. Dada wa pasi wanalisoma. Likiharibika, unapaona palipoharibika, unarekebisha kwa kidole, kazi inaendelea. Programu ya mkeo ikiharibika tutafanyaje? Tutakaa tunakitazama kioo mpaka amalize vikao vyake vya simu. Au utairekebisha wewe?"

"Mimi ni mtu wa mashine," alisema Povu. "Mimi msiniingize."

"Hilo la wifi ni kweli," alisema mkwe. "Programu yangu naijua mimi peke yangu. Hapo jedwali limenishinda."

Bibi Pasi aliona jambo hilo, kwamba mkwe alilikubali la mwenzake bila kubanwa. Aliona pia kwamba hakuuliza, si kwa mdomo wala kwa macho, ni nani hasa aliyeyapanga yale majina.

"Mimi nina pasi mbili," alisema. "Ile nzito isiyo na mvuke, na ile nyepesi yenye mvuke. Hakuna siku mtu ameniuliza ipi bora. Naulizwa leo tunapiga nguo gani. Kwa hiyo msiniambie ipi bora. Niambieni hii kazi ya hospitali ni nguo gani."

Hapo mawifi walianza kusema wote kwa pamoja, na zamu zikaisha. Mwisho wakaafikiana hivi: kuanzia Alhamisi, programu ya mkwe ijaribiwe kwa wateja wa mtaani, ambao hugomba kwa upole. Nguo za hospitali zibaki kwenye jedwali mpaka ijulikane kama programu inafaa.

*

Alhamisi, mkwe aliweka kompyuta yake nyembamba juu ya kaunta. Kabla ya mteja wa kwanza kuingia, alimwita Bibi Pasi aje atazame.

"Mama, mimi siandiki programu kwanza. Naandika swali kwanza, na jibu ninalolitaka. Halafu ndipo naandika programu mpaka iweze kujibu. Kila nikibadilisha kitu, hata kidogo, maswali yote yanaulizwa upya. Nina maswali ishirini na tano. Tazama."

Alibonyeza. Alama ndogo za kijani zilishuka kwenye skrini moja baada ya nyingine.

"Imejibu yote?"

"Yote. Na kila hatua nimehifadhi nakala yake. Nikikosea leo, narudi nilipokuwa jana kana kwamba sijagusa kitu."

"Laiti pasi nayo ingekuwa hivyo," alisema Bibi Pasi, akikumbuka suruali kadhaa.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na kapu la nguo mbichi kiunoni. Alimtazama dada wa pasi akimpokea mwalimu mstaafu, mteja wao wa siku nyingi, akiandika jina lake na namba themanini na nane, kisha akiifunga ile namba ya kitambaa kwa pini kwenye suruali. Binti alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Halafu akaliinua kapu, akaenda kuanika.

*

Jumanne asubuhi mwalimu mstaafu alirudi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye heshima nyingi, asiyeleta kitu kingine zaidi ya suruali mbili za kahawia. Aliweka furushi juu ya kaunta akaikunja miwani yake.

"Bibi Pasi, jana nilipata ujumbe kwenye simu kwamba nguo yangu iko tayari. Nilishangaa, kwa sababu suruali zangu nilizichukua Jumamosi. Nikajiambia, labda nimesahau, umri wenyewe ndio huu. Nikaja jioni, Povu akanipa hiki."

Alifungua furushi. Ndani mlikuwa na gauni la zambarau lenye shanga shingoni, pana, la kupendeza.

"Mimi na mke wangu tulikaa tukajaribu kukubaliana ni nani alivae," aliendelea mwalimu. "Mke wangu anasema rangi inanipendeza mimi. Tatizo ni urefu."

Dada wa pasi waligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Kabla hayajatulia, mama mwenye duka la vioo la upande wa pili wa barabara aliingia, nywele zimesukwa upya.

"Bibi Pasi, gauni langu. Saa nane napiga picha na binti yangu chuoni, amemaliza."

"Hili hapa, mama," alisema mwalimu kwa adabu. "Nimelitunza vizuri."

Mama wa vioo aliliangalia gauni, akamwangalia mwalimu, akarudi kwenye gauni.

"Umelitunza wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Gauni langu limelala kwako?"

"Na mke wangu alikuwapo," alisema mwalimu, na mambo hayakuwa mepesi zaidi.

Povu alikumbuka ghafla kwamba kuna mashine inamwita. Mkwe ndiye aliyesogea mbele. Hakutafuta maneno ya kujikinga. Alisema kosa ni la programu, na programu ni yake, na kwamba mwalimu hana hatia yoyote. Bibi Pasi alilinyoosha gauni upya kwa dakika kumi, akilipitia shanga kwa ncha ya pasi. Mkwe akalivusha barabara mwenyewe, amelinyanyua juu kwa mikono miwili lisiguse vumbi. Aliporudi, mama wa vioo alikuwa ameshaanza kucheka kule dukani kwake, na kicheko chake kilisikika mpaka huku.

*

Mkwe alikaa mbele ya kompyuta karibu saa nzima. Halafu akaita.

"Mama, namba themanini na nane. Alhamisi ilikuwa ya mwalimu. Jumatatu imewekwa kwenye gauni. Imekuwaje?"

"Mwalimu si alichukua nguo zake," alisema Bibi Pasi. "Nguo ikichukuliwa, namba inarudi kwenye kopo, inangoja nguo nyingine. Namba zetu ni mia tatu tu. Nilizishona mwenyewe, kila moja kwa mkono."

Mkwe alijiegemeza nyuma polepole.

"Mimi nilidhani namba ni ya mtu, kama ya kitambulisho. Kwa hiyo dada alipoandika themanini na nane, programu ikajaza jina la mwalimu yenyewe. Nilidhani nawarahisishia kazi. Imejipendekeza."

"Na yale maswali yako ishirini na tano?"

"Yote yalijibiwa, mama. Kwa sababu niliyatunga mimi. Nililosahau kuliwaza, nilisahau na kuliuliza."

Binti, aliyekuwa anapanga soksi, aliacha kupanga soksi.

"Mimi nilijua," alisema.

Povu alitoa kichwa kutoka nyuma ya mashine. "Ulijua nini?"

"Alhamisi nilisimama pale mlangoni nikaona hakuna mahali pa kuandika kwamba namba imerudi. Jedwali langu lina safu yake. Nikanyamaza." Alizitazama soksi. "Nilitaka ianguke. Kidogo tu. Si mbele ya mwalimu."

Bibi Pasi alisubiri maneno makali, na asingemlaumu mwenye kuyasema. Mkwe aliisogeza kompyuta pembeni.

"Miaka sita umefanya kazi hii, wifi. Halafu anakuja mtu na kompyuta nyembamba, na kila mtu anamzunguka. Ningekuwa wewe, sijui kama ningesema."

"Ungesema," alisema binti. "Ndiyo maana naona aibu."

Bibi Pasi aliona zamu yake imefika. "Mkwe wangu, kuna lingine. Yale majina ya wauguzi, siye wifi yako aliyeyapanga. Ni mimi. Amenibebea."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Tangu Jumatatu ile. Faili linaonyesha saa lilipobadilishwa. Saa hiyo wifi alikuwa sokoni, na Povu hawezi kulifungua hata lingekuwa mlango."

"Mimi msiniingize," alisema Povu.

Basi wakacheka wote wanne, na wale dada wa pasi wakaruhusiwa kucheka kwa sauti kicheko walichokuwa wamekibana tangu asubuhi. Bibi Pasi alicheka huku akimtazama mkwe. Wiki nzima mtoto huyu alijua, akalala nalo, akala nalo mezani, asimwaibishe mtu.

Siku zilizobaki zilikuwa tatu.

*

Aliyepata njia ni binti. Jumatano asubuhi alivuta kiti chake mpaka kwenye kompyuta ya mkwe.

"Wewe unajua kuandika, lakini hukujua cha kuuliza. Mimi cha kuuliza ninacho kichwani, miaka sita yote. Sijui tu hiyo lugha yako kali. Programu yako inaweza kusoma jedwali?"

Mkwe aliwaza kidogo. "Inaweza. Tuseme safu ya kwanza ni jambo lililotokea. Ya pili ni swali. Ya tatu ni jibu sahihi. Wewe jaza mistari, mimi naiamuru programu iipitie mmoja mmoja na kujibu."

"Na mama atasoma?"

"Atasoma, na atajaza."

"Hapo tumeelewana," alisema binti.

Mkwe aliomba ruhusa ya siku mbili kazini. Akasema pia wakae kwenye kibodi moja: mmoja aandike, mwingine atazame na kusema, na kila nusu saa wabadilishane viti. Ofisini kwao walifanya hivyo.

"Ofisini kwenu wanalipa watu wawili kwa kibodi moja?"

"Wanalipa. Makosa yanapungua nusu."

"Kweli nusu?"

"Karibu. Mengine mnayakosea pamoja."

Maswali yalianza kuja. Mteja ameleta koti na suruali, amechukua koti tu: namba inarudi kwenye kopo au la? Namba imechomoka majini na nguo haina kitu: iwekwe rafu gani? Baba na mwanawe wana jina moja. Muuguzi ametuma sare mbili siku moja, moja ina doa la dawa na imebaki inalowekwa. Dada wa pasi mmoja, ambaye kwa kawaida hakusema hata mteja akimkanyaga, alikuja akasimama nyuma ya viti vyao akasema, "Na mtu akituma nguo ya marehemu?" Wakaliandika. Jibu lilikuwa kwamba isitumiwe ujumbe wa simu. Mtu aende aipeleke kwa mkono. Povu alileta lake kuhusu mashine ikizimika katikati ya kufua, na likawa swali zuri kuliko yote ya siku hiyo, jambo alilolitaja mara nne kabla ya jioni.

Walibishana, tena sana. Mkwe alitaka programu ijaze majina yenyewe, kwa sababu watu hukosea wakiandika. Binti alikataa katakata.

"Kujaza yenyewe ndiko kulikompeleka mwalimu na gauni nyumbani. Ikikuta isilolijua, isimame. Iseme haijui, iite mtu."

"Wifi, programu inayosema haijui inaonekana dhaifu. Wateja wetu kule kazini hawaipendi."

"Wateja wenu hawajawahi kulala na gauni la mtu."

Mkwe alikubali. Naye binti alikubali lake: kwamba jedwali lisiguswe tena na kila mkono, na orodha yenyewe ikae ndani ya programu, nyuma ya ile lugha kali. Kwa malipo ya hilo alidai kitu kimoja. Kila jioni programu itoe nakala ya kila kitu katika jedwali la kawaida, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kulisoma, hata mkwe akiwa safarini. Mkwe alisema hilo ni la dakika kumi, likamchukua saa mbili. Bibi Pasi aliwapelekea chai, akaona vikombe vyao vimechanganyika na kila mmoja anakunywa cha mwenzake bila kujua.

Alhamisi saa kumi alasiri maswali yalikuwa arobaini na moja, na yote yakashuka kijani. Jioni hiyo wakaziingiza sare zote za hospitali kwenye programu, moja moja.

*

Ijumaa muuguzi mkuu alikuja saa tatu kamili. Kulikuwa na sare mia moja kwenye rafu. Alizipitia akichomoa hapa na pale, akawa na kumi mkononi, akaziweka kwenye kaunta. Safari hii hakuleta wauguzi, alileta karatasi na kalamu. Bibi Pasi alisimama kwenye meza ya pasi akainyoosha foronya ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Mkwe aliandika namba, binti alisoma majibu kwa sauti. Ya kwanza ilikuwa ya nani, iliingia lini, ilifuliwa mashine gani, nani aliipiga pasi. Muuguzi mkuu alitazama karatasi yake akatia alama. Ya pili, alama. Ya tano ilikuwa ya yule muuguzi mwenye mabega mapana, na programu ikasema ina kifungo kilichoshonwa upya. Muuguzi mkuu alikivuta kile kifungo, kikashika.

Walifika ya tisa bila kosa. Ya kumi, mkwe aliandika namba, akatulia. Binti aliinama kusoma, akasita. Kisha akasoma kama ilivyo.

"Sijui ni ya nani sasa. Muulize mtu."

Foronya ilianza kunuka moshi. Bibi Pasi aliinua pasi. Alimwona dada wa pasi mmoja amemshika mwenzake mkono.

Muuguzi mkuu alivua miwani. "Imesema nini?"

"Imesema haijui," alisema mkwe. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuinama. "Ilipoingia ilikuwa na mwenyewe. Orodha ya zamu mliyotutumia asubuhi hii haina jina lake tena. Ingeweza kutaja jina la zamani. Tumeikataza kubahatisha."

"Nimeikataza mimi," alisema binti haraka. "Kama ni kosa, ni langu."

"Tuliandika wote wawili," alisema mkwe.

Muuguzi mkuu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma joto la mgonjwa. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Wiki hii nilimpa yule dobi wa ng'ambo ya mji sare za majaribio," alisema. "Mashine zao zinang'aa, hata sakafu unaogopa kuikanyaga. Niliwauliza kuhusu sare kama hii, ya mtu niliyemtoa kwenye orodha. Kompyuta yao ilinipa jina papo hapo, bila kusita. Jina la muuguzi aliyestaafu mwaka jana, walilolitoa kwenye orodha yetu ya zamani. Na yule kijana wa kaunta akashikilia kwamba kompyuta haikosei." Aliichukua kalamu. "Mimi kazini nikiwa na muuguzi mgeni, wa kwanza kuniambia 'sijui, njoo uangalie' ndiye ninayemwachia wagonjwa."

Alitia sahihi mkataba wa mwaka mzima, akaisukuma karatasi mpaka kwenye meza ya pasi. Bibi Pasi aliisoma bila kuishika, kwa kuogopa kuilowesha kwa vidole.

"Sasa huyu mwenye sare ameenda wapi?" aliuliza binti. Alikuwa tayari amefungua jedwali la maswali, kwenye mstari mtupu.

"Ameenda kujifungua. Jana ndiyo ilikuwa zamu yake ya mwisho."

"Na sare yake inafanywaje?"

Muuguzi mkuu alifikiri. "Unajua, hilo sijawahi kuulizwa. Kwa kawaida hupotea tu."

"Andikeni," alisema Bibi Pasi kutoka alipokuwa. "Mwenye nguo akienda kujifungua, nguo inatundikwa, inamsubiri. Asipewe mtu mwingine."

Binti aliandika. Mkwe alikuna kichwa. "Inamsubiri mpaka lini, mama? Programu inataka tarehe."

"Mpaka arudi."

"Siwezi kuandika 'mpaka arudi' mahali pa tarehe. Lugha itakataa."

"Jedwali langu lisingekataa," alisema binti. "Ningeacha kisanduku kitupu, yamekwisha."

"Na kisanduku kitupu, baada ya miezi mitatu, nani atajua kama ni mzazi au ni mtu aliyesahau kuandika?"

Wakakitazama kioo wote wawili. Muuguzi mkuu alikuwa ameshamaliza kazi yake na angeweza kuondoka, lakini alikaa, mkoba mapajani.

"Ipo namna," alisema mkwe mwishoni, polepole. "Lugha yangu ina njia ya kusema kwamba tarehe ipo, ila bado haijajulikana. Si tupu, na si kosa. Siku zote nilikuwa naiona usumbufu."

"Basi iandike. Nakusomea."

Mkwe aliandika, binti akamwonyesha alipokosea herufi, mkwe akarekebisha. Walibonyeza pamoja. Alama zilishuka, kijani juu ya kijani, zikafika arobaini na moja, zikakawia kidogo kama mtu anayetafuta ufunguo, kisha ya arobaini na mbili ikazifuata nyingine.

"Imekubali," alisema binti.

"Basi itundikeni," alisema muuguzi mkuu.

Bibi Pasi aliichukua ile sare mwenyewe. Aliipitishia pasi kwenye kola ingawa haikuhitaji, akaifunga kifungo cha juu, akaitundika mwisho wa reli, kwenye kona, mahali ambapo haitasukumwa na mtu.